Johannesburg Iliyoandikwa na Wenyewe

Shaaban Robert alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, akafanya kazi ya ukarani serikalini, akaishi na kufa Tanganyika. Hata hivyo Pambo la Lugha, kitabu chake cha mashairi cha mwishoni mwa miaka ya 1940, kilichapishwa Johannesburg. Mwaka 1954 kikafuata Kielezo cha Insha, kutoka kwa mchapishaji yuleyule: Witwatersrand University Press, shirika la uchapishaji la chuo kikuu ambacho wakazi wa jiji hilo hukiita Wits tu. Mwaka mmoja kabla yake serikali ya makaburu ilikuwa imepitisha Sheria ya Elimu ya Kibantu, iliyokusudia mtoto mweusi afunzwe kiasi cha kumtumikia mzungu na si zaidi. Katika nchi hiyohiyo, kitabu cha insha cha karani wa Kiafrika, kwa Kiswahili fasaha, kikapata mchapishaji.

Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1922, mwaka uleule Wits ilipopata hadhi ya chuo kikuu, na ndilo kongwe kuliko yote ya aina yake Afrika Kusini. Mwaka mmoja kabla, jarida la Bantu Studies lilikuwa limeanza kutoka katika jiji hilohilo. Mwafrika alijaa ndani ya kurasa zake: ndoa zake, mizimu yake, methali zake, irabu na konsonanti za lugha yake. Walioshika kalamu, hata hivyo, kwa sehemu kubwa walikuwa wamisionari, maofisa wa serikali na wataalamu wa anthropolojia. Mwafrika alikuwa mtoa habari. Aliulizwa, akajibu, na jibu lake likatoka chini ya jina la mwingine.

Nani anaandikwa, nani anaandika na nani anasoma: hayo matatu ndiyo yaliyogombaniwa Johannesburg kwa miaka 100 iliyofuata.

Mpasuko wa kwanza ulitokea mwaka 1935. Clement Doke, mwanaisimu aliyekuwa mmisionari, alianzisha mfululizo wa vitabu ulioitwa Bantu Treasury, wa kazi za fasihi katika lugha za Kiafrika zenyewe. Kitabu cha kwanza kilikuwa Inkondlo kaZulu, mashairi ya Kizulu ya kijana aliyeitwa Benedict Wallet Vilakazi. Mwaka 1937 ikatoka tafsiri ya Kitswana ya Julius Caesar ya Shakespeare, kazi ya Sol Plaatje, aliyekuwa amefariki miaka mitano kabla. Ni katika mfululizo huo Shaaban Robert naye alipata nafasi.

Watalii wanaokwenda Orlando West, Soweto, hupiga picha katika Mtaa wa Vilakazi kwa sababu Nelson Mandela na Desmond Tutu walikuwa na nyumba zao hapo. Ni wachache wanaouliza Vilakazi ni nani. Alikuwa mwalimu wa shule aliyeingia Wits katikati ya miaka ya 1930 kufundisha Kizulu, Mwafrika wa kwanza kufundisha katika chuo kikuu cha wazungu nchini humo. Cheo alichopewa kilikuwa msaidizi wa lugha, uhadhiri alinyimwa. Aliandika makala ya kitaaluma kuhusu ushairi wa Kizulu katika jarida lilelile la Bantu Studies, na mwaka 1946 akapata shahada ya udaktari kwa tasnifu kuhusu fasihi simulizi na andishi za Kinguni, Mwafrika wa kwanza kuipata hapo. Mwaka uliofuata akafa, akiwa na umri wa miaka 41. Kamusi ya Kizulu na Kiingereza aliyoitayarisha pamoja na Doke ilitoka mwaka 1948 na jina lake likiwa juu ya jalada, sambamba na la profesa wake. Tasnifu hakuiona ikiwa kitabu. Mtu aliyebeba fasihi nzima ya watu wake kichwani alikaa chuoni miaka kumi na zaidi chini ya cheo cha msaidizi, na jambo hilo halipaswi kupitwa haraka.

Mlango aliouingilia ulifungwa nyuma yake. Sheria ya mwaka 1959 iliwazuia wanafunzi weusi kusoma vyuo vya wazungu bila kibali cha waziri. Vitabu vya lugha za Kiafrika vikageuka kuwa bidhaa ya shule tu, vikipimwa na kamati za serikali zisizotaka siasa wala maswali. Mwaka 1966 waandishi kadhaa waliokuwa uhamishoni walipigwa marufuku hata kunukuliwa. Mmoja wao alikuwa Es'kia Mphahlele, mzaliwa wa Pretoria, ambaye wasomaji wa Nairobi walimjua vizuri, kwani mwaka 1963 ndiye aliyeanzisha huko kituo cha sanaa cha Chemchemi. Wasifu wake, Down Second Avenue, uliochapishwa London mwaka 1959, haukuweza kusomwa kihalali na watu wa mtaa uliousimulia.

Hapo ndipo wachapishaji wadogo walipoingia. Ravan Press ilianzishwa mwaka 1972 na watu watatu, Peter Randall, Danie van Zyl na mchungaji Beyers Naudé, ambao herufi za mwanzo za majina yao ndizo zilizounda jina la shirika. Kazi yake ya awali ilikuwa kutoa ripoti za mradi wa makanisa uliochunguza jamii ya kibaguzi. Ofisi zake zilikuwa Braamfontein, kitongoji cha katikati ya jiji ambako chuo cha Wits kipo, hivyo mhariri aliweza kutembea kwa miguu kutoka meza yake hadi maktaba ya chuo. Mwaka 1974 ilitoa Dusklands, kitabu cha kwanza cha J. M. Coetzee, ambaye baadaye angepata Tuzo ya Nobel. Mwaka 1975 ikatoa Muriel at Metropolitan ya Miriam Tlali, riwaya ya karani mwanamke mweusi katika duka la Johannesburg. Serikali iliipiga marufuku.

Oktoba 1977, mwaka mmoja na miezi michache tangu watoto wa Soweto wapigwe risasi kwa kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, serikali ilizifunga jumuiya nyingi kwa siku moja, na Randall akawekewa amri ya kumzuia kuchapisha chochote. Nafasi yake ilichukuliwa na Mike Kirkwood. Machi 1978 Ravan ikatoa toleo la kwanza la jarida la Staffrider.

Inafaa kueleza jarida hilo lilivyofanya kazi, kwa sababu halikufanana na majarida mengine. Vikundi vya waandishi vilikuwa vimeota katika vitongoji vya watu weusi, Soweto, Alexandra, Mamelodi na kwingineko. Kila kikundi kilichagua chenyewe kazi za kuchapishwa, na kurasa zilipangwa kwa jina la mahali: hapa mashairi kutoka huku, hapa hadithi kutoka kule, katikati picha za wapiga picha wa mitaani. Maduka makubwa ya vitabu yalikuwa katika sehemu za wazungu, kwa hiyo usambazaji ulipitia mikononi mwa vikundi vilevile. Kijana alichukua nakala zake akaziuza kwenye treni, kanisani, kwenye mkutano wa mazishi. Toleo la kwanza lilipigwa marufuku papo hapo, na mengine baadaye. Wapo wahakiki waliolalamika kuwa kazi nyingine hazikuiva. Huenda ni kweli. Lakini mhakiki aliyesoma ushairi wa Orlando akiwa ofisini hakuwa msomaji aliyekusudiwa. Aliyekusudiwa alikuwa jirani wa mshairi.

Mtutuzeli Matshoba alianzia katika kurasa hizo, na mkusanyiko wake wa hadithi, Call Me Not a Man, ukatoka Ravan mwaka 1979.

Wakati huohuo, ndani ya Wits kundi la wanahistoria na wanasosholojia lilikuwa limeanzisha kile kilichoitwa History Workshop. Walitaka historia ya mtu wa chini. Kabla yao, historia ya Johannesburg ilisimulia zaidi wenye migodi, vita na magavana. Charles van Onselen alitoa mwaka 1982 juzuu mbili kuhusu jiji hilo kati ya 1886, dhahabu ilipogunduliwa, na 1914. Ndani yake wamo wafua nguo wa Kizulu waliojipanga kama chama, wenye magari ya farasi, wapishi na yaya, makahaba, wauza pombe, na genge la Waninawi lililotawala magerezani. Ravan ndiyo iliyotoa toleo la Johannesburg, Longman likatoa la London. Insha yake kuhusu pombe na wenye migodi ilikuwa imekwisha kugeuzwa mchezo wa kuigiza mwaka 1978 na kundi la Junction Avenue. Msomi anayekubali tanbihi zake ziimbwe jukwaani ana haja ya kusikika nje ya chuo, na hilo ni jambo la kuheshimiwa.

Luli Callinicos alikwenda mbali zaidi. Gold and Workers, kitabu chake cha mwaka 1981, kilikuwa kipana, chenye picha nyingi, ramani na michoro, kwa Kiingereza chepesi, na kilitumika katika masomo ya vyama vya wafanyakazi. Kilieleza mchimba madini alilipwaje, alilala wapi, kwa nini kodi ya kichwa ilimtoa kijijini, na kwa nini mshahara wake ulizuiwa usipande. Mfanyakazi alisoma habari za babu yake, akakuta humo sababu za hali yake mwenyewe. Juzuu ya pili, Working Life, ilipata mwaka 1988 Tuzo ya Noma, iliyokuwa tuzo kubwa ya vitabu vilivyochapishwa barani Afrika.

Ravan ilikuwa imeionja tuzo hiyo kabla. Mwaka 1984 Fools and Other Stories ya Njabulo Ndebele, hadithi za kitongoji kimoja cha mashariki ya Johannesburg, ilishinda, na ikagawana ushindi na kitabu cha Kikuyu cha Gakaara wa Wanjau, shajara yake ya miaka aliyofungwa wakati wa Mau Mau. Vitabu vyote viwili vilichapishwa nyumbani.

Hata hivyo Ravan na History Workshop ziliongozwa hasa na wazungu, wa nia njema na wenye ujasiri, na waandishi weusi hawakunyamaza kuhusu hilo. Mwaka 1982 Mothobi Mutloatse na wenzake wa chama cha waandishi wa Kiafrika walianzisha Skotaville, shirika la uchapishaji lililomilikiwa na kuendeshwa na watu weusi. Jina walilichukua kwa Mweli Skota, mwandishi wa habari ambaye karibu mwaka 1930 alitoa Johannesburg kamusi ya wasifu wa Waafrika mashuhuri, yenye picha zao wakiwa wamevalia nadhifu, ikimwonyesha msomaji walimu, wachungaji, wanasheria na machifu aliowanyimwa na magazeti ya wazungu. Mwaka 1983 Skotaville ikachapisha Hope and Suffering, hotuba na mahubiri ya Askofu Tutu. Mwaka huohuo Mphahlele, aliyekuwa amerejea nyumbani, alianzisha Wits idara ya Fasihi ya Kiafrika.

Jeraha la mtoa habari lilionekana hata katika kazi bora za kipindi hicho. Women of Phokeng, kilichotoka mwaka 1991, ni kitabu kizuri sana kuhusu wanawake 22 waliozaliwa mwanzoni mwa karne, wakaenda Johannesburg kufanya kazi za ndani na kupika pombe, kisha wakarudi kuzeeka kijijini karibu na Rustenburg. Mwandishi ni Belinda Bozzoli, kwa msaada, kama jalada lisemavyo, wa Mmantho Nkotsoe. Nkotsoe ndiye aliyekaa na wanawake hao na kuzungumza nao Kitswana, na Bozzoli mwenyewe aliandika wazi kwamba mazungumzo yale yalifana kwa sababu ya jinsi mhojaji alivyokuwa karibu na wahojiwa. Ni hatua mbele kutoka siku za Bantu Studies, maana jina lipo. Lakini neno msaada ni dogo kwa kazi hiyo.

Mambo haya hayakuwa ya Johannesburg peke yake. Marekani, wajukuu wa Wameksiko, waliojiita Chicano, walipita njia inayofanana. Wanafunzi wao wa mashariki ya Los Angeles walitoka madarasani mwaka 1968 wakilalamikia shule mbovu na kudharauliwa kwa lugha yao, miaka minane kabla ya Soweto. Mwaka uliotangulia, huko Berkeley, kikundi kidogo kilikuwa kimeanzisha shirika la Quinto Sol na jarida la El Grito, baada ya kuchoshwa na wanasosholojia waliowaeleza Wameksiko kama watu wa mkosi na uvivu. Jarida la kitaaluma la Aztlán lilianza mwaka 1970 katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mwaka 1979 likazaliwa shirika la Arte Público, ambalo mwaka 1984 lilichapisha The House on Mango Street ya Sandra Cisneros. Mashirika makubwa ya New York yalikitaka kitabu hicho baadaye, kilipokwisha kupata wasomaji. Tanzania Publishing House, ya Dar es Salaam, nayo ilishirikiana na wachapishaji weusi wa London mwaka 1972 kutoa kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma. Kila mahali aliyeanza alikuwa mdogo, mwenye deni, na aliyewajua wasomaji wake kwa sura.

Udogo huo una hatari yake. Ravan na wenzake waliishi kwa misaada ya makanisa na wafadhili wa nje. Ubaguzi ulipoanguka na uchaguzi wa 1994 kupita, wafadhili wakaona kazi imekwisha. Staffrider lilikuwa limekwisha kufa mwaka 1993. Ravan ikaangukia mikononi mwa kampuni kubwa na hatimaye ikabaki jina tu. Serikali huru ilinunua vitabu vya shule kwa wingi, na waliofaidika zaidi walikuwa wachapishaji wakubwa wenye mtaji wa kusubiri zabuni.

Leo mhadhiri wa Johannesburg anaishi chini ya hesabu ya aina nyingine. Wizara ya elimu ya juu hukilipa chuo ruzuku kwa kila kazi ya kitaaluma iliyopitishwa na wahakiki. Makala moja ya jarida huhesabiwa kizio kimoja, na kitabu kizima, kwa sera iliyotangazwa mwaka 2015, chaweza kufikia vizio 10. Kizio kimoja kina thamani ya zaidi ya randi 100,000. Fedha hizo huenda chuoni; mchapishaji aliyehariri, aliyesanifu na aliyechapa hapati kitu moja kwa moja, na mara nyingi hulazimika kuomba mchango ili kitabu kitoke. Mfumo huu umeongeza sana machapisho. Umefanya pia mhadhiri mwenye haraka aone makala fupi zina faida kuliko kitabu kimoja kilichomchukua miaka ya kukaa na wazee wa Alexandra. Jarida la kale la Bantu Studies, lililobadilishwa jina kuwa African Studies mwaka 1942, sasa hutolewa na kampuni ya kimataifa ya Uingereza, na asiye na kadi ya maktaba ya chuo hulipia makala moja kwa fedha za kigeni.

Na kitabu chenyewe ni ghali. Afrika Kusini hutoza vitabu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 15, sawa na bidhaa nyingine nyingi, licha ya kampeni za miaka mingi za wachapishaji na waandishi. Ni sera mbaya. Inamwadhibu hasa yule ambaye vitabu vya Ravan vilimtafuta treni kwa treni.

Bado wapo wanaoitafuta njia. Mwaka 2008 Wits University Press ilitoa Alexandra: A History ya Philip Bonner na Noor Nieftagodien, historia ya kitongoji kilichoanzishwa mwaka 1912 ambako Waafrika waliruhusiwa kumiliki ardhi, iliyojengwa juu ya mahojiano na wakazi wenyewe. Shirika hilo huweka baadhi ya vitabu vyake bure mtandaoni. Baada ya maandamano ya wanafunzi ya 2015 na 2016 dhidi ya ada, wanafunzi wa Wits waliandika shajara zao wenyewe, zikatolewa mwaka 2017 kwa jina Rioting and Writing. Hawakungoja profesa awaeleze. Thabiso Mahlape alianzisha Blackbird Books mwaka 2015, kwa ajili ya waandishi weusi, nje kabisa ya chuo.

Na Johannesburg yenyewe imebadilika. Yeoville, mtaa ambao zamani ulikaliwa na Wayahudi na wasanii wa Kizungu, sasa ni wa watu wa Kongo, Kamerun, Nigeria na Zimbabwe. Kwenye soko lake Kiswahili cha Bukavu na Goma husikika kando ya Kilingala na Kifaransa. Hao ndio wanaoulizwa maswali na watafiti wa leo, na wao pia wana hofu ya kugeuka watoa habari tu, hasa tangu mashambulizi dhidi ya wageni ya Mei 2008 yaliyoanzia Alexandra na kuua watu zaidi ya 60 nchini.

Caroline Wanjiku Kihato, mwanazuoni aliyetoka Kenya na kuhamia Afrika Kusini, alikutana na swali hilo alipoanza kuwachunguza wanawake wahamiaji wa Johannesburg. Aliwaomba wapige picha za maisha yao wenyewe, kisha wamweleze kila picha inaonyesha nini na inaficha nini. Kitabu chake, Migrant Women of Johannesburg, kilitoka mwaka 2013 kwa Wits University Press. Ndani yake wanawake hao wanaeleza kwa nini hawawezi kurudi kwao mikono mitupu, kwa nini hawataki kuzeeka Johannesburg, na jinsi wanavyopatana na polisi, mwenye nyumba na waume. Kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa bei ya kitabu cha kitaaluma. Kinastahili toleo la Kiswahili, la karatasi ya kawaida na bei ya gazeti, na wasomaji wa kwanza wangepatikana kwenye vibanda vya Rockey Street huko Yeoville, miongoni mwa wanaoyaishi maisha hayohayo.